Msumari Mkuukuu

Dada yangu alitaka nimpelekee mwanawe ng'onda wa papa. Kijana akanipigia simu usiku ule ule. "Shikamoo mjomba. Nakuomba usije na samaki, watu wa forodha huku hawana mzaha na chakula." Basi nikatua Melbourne, Julai 2017, na sweta mbili zisizofaa kitu. Sisi wa Mombasa kipupwe chetu tunakiita baridi. Tunajidanganya.

Mimi ni fundi magari, Changamwe, mwaka wa thelathini huu. Kangaruu sikuwa na haja nao. Nilitaka kuliona gari moja tu, na mpwa wangu hakuelewa kwa nini. Kwetu mbio za magari ni Safari Rally, tangu 1953: vumbi, matope, na gari lenye paa lake. Hili ninalolisema ni la mbio za Formula One, halina paa wala madigadi. Magurudumu yote manne yako nje, kama miguu ya kaa.

Tulipanda treni hadi Richmond, tukavuka bustani kwa miguu mpaka uwanja wa kriketi wa MCG, ule uliofanyiwa Olimpiki za 1956. Makumbusho ya taifa ya michezo yamo humo humo ndani. Sehemu za kriketi nilizipita mbio, Mungu anisamehe. Nikalikuta.

Brabham BT19. Kijani, na mstari wa dhahabu. Dogo! Nilitarajia dude, nikakuta kitu ambacho wanangu wanne wa spana wangekinyanyua upande mmoja bila jeki. Hili ndilo gari ambalo Jack Brabham, Mwaustralia, alilichukulia ubingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1966. Alikuwa ameshaupata mara mbili, 1959 na 1960, akiendeshea timu ya Cooper. Huo wa tatu aliuchukua kwa gari lenye jina lake mwenyewe, na hadi leo hakuna dereva mwingine aliyefanya hivyo.

Timu aliianzisha na mwenzake Ron Tauranac, kule Surrey, Uingereza. BT ni herufi za majina yao wawili. Mwanzo magari yao yaliitwa MRD, mpaka walipotanabahishwa kwamba herufi hizo zikisomwa Kifaransa zinatoka kama neno la chooni. Wakabadilisha upesi.

Hapo mpwa wangu alicheka, nikajua nimempata. Nikamwinamisha atazame nyuma ya kiti cha dereva.

"Injini hiyo unaijua," nikamwambia.

"Mimi, mjomba? Nitaijulia wapi?"

"Range Rover ya marehemu babu yako."

Akaniangalia kama mtu aliyeharibiwa akili na safari. Lakini ndivyo ilivyo, karibu. Mwaka 1966 sheria ziliruhusu injini za lita 3, na timu nyingi zikahangaika kuzipata. Brabham akaenda kwa Repco, kampuni ya vipuri ya hapa hapa Melbourne. Wao wakachukua bloku, yaani kiwiliwili cha injini, ya aluminiamu ya V8 (silinda nane) ya Oldsmobile, gari la kawaida la Kimarekani, ambayo wenyewe walikuwa wameshaiacha. Wakapunguza ukubwa kutoka lita 3.5 hadi 3, na kila upande wakaufungia kemshafti yake, mhimili wa kufungulia valvu, juu ya hedi. Ikatoa nguvu za farasi kama 300 hivi. Ferrari walikuwa na zaidi, lakini yao ilikuwa nzito na inakunywa mafuta. Bloku ya Buick, pacha wa ile ya Oldsmobile, ndiyo Rover waliyoinunua, na ndiyo iliyoingia kwenye Range Rover kuanzia 1970. Nimeshafungua ngapi mimi? Zinachemsha, zinavuja, nimezitukana sana. Na binamu yake huyu hapa kwenye jukwaa, anapigwa picha.

Fremu nayo si ya ajabu. Ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, wakati Lotus walikuwa wameshahamia maganda ya bati la aluminiamu. Ilitengenezwa 1965 kwa ajili ya injini nyingine ya silinda 16, ambayo haikushindana hata siku moja. Kwa hiyo bingwa alishinda kwa fremu iliyobaki na injini ya bloku iliyoachwa. Mwenyewe alilipachika gari jina la Msumari Mkuukuu. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Julai 3, 1966 alishinda mbio za Reims, Ufaransa, kisha Brands Hatch ya Uingereza, Zandvoort ya Uholanzi na Nürburgring ya Ujerumani, nne mfululizo. Magazeti yalikuwa yakimwita mzee kwa sababu alikuwa ametimiza miaka 40. Kule Zandvoort akaliendea gari lake akichechemea, na ndevu za bandia na mkongojo. Kisha akapanda, akawashinda wote. Mwaka uliofuata Denny Hulme, dereva wake wa pili, naye akawa bingwa.

Tulipotoka, nilimlazimisha kijana tuzunguke mitaa ya Richmond, maana huko ndiko Repco walikoianzia kazi ya injini ile. Tulikuta mikahawa. Tukanywa kahawa, chungu na ghali, na nje mvua ikaanza.

Nikakumbuka kuna bloku moja ya Range Rover nyuma ya gereji yangu, kuku hutagia ndani yake. Nikamtumia picha ya BT19 kijana wangu wa Changamwe, nikamwandikia: ile bloku isiguswe, nikirudi tunaiosha.

Jibu likaja kabla kikombe hakijaisha. "Mzee, wa chuma chakavu walipita jana. Mayai tumekuwekea."