Afande na Buibui wa Uso Mwekundu

Nilikuwa mwanafunzi wa zuolojia Makerere mwalimu wetu alipotupeleka Entebbe kukusanya buibui warukao. Sikufurahi hata kidogo. Wenzangu walipangiwa ndege na nyani, mimi nikaambulia viumbe wadogo kama punje ya mchele.

Aliyetufaa siku hiyo alikuwa mlinzi wa nyumba tuliyofikia, mzee aliyewahi kuwa jeshini. Sote tulimwita Afande.

"Mnataka wale wenye uso mwekundu?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini. "Wakipumzika hujificha kwenye nyasi. Ndani ya nyumba wanafuata mbu."

Mwalimu alifurahi kupita kiasi. Afande alikuwa amemweleza Evarcha culicivora, buibui wa kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, aliyepewa jina hilo na wanasayansi Wesołowska na Jackson mwaka 2003. Hana uwezo wa kutoboa ngozi ya mtu anyonye damu, kwa hiyo humvizia mbu aliyekwisha kuinywa, hasa anofelesi jike, mbu aenezaye malaria. Hata maua ya lantana huyafuata kwa harufu yake, akanywa nekta. Afande alitikisa kichwa tu: yeye hayo ya mbu aliyaona zamani ukutani, bila kwenda chuo.

Usiku tulimwaga mavuno mezani. Mwenzangu mmoja alikwisha kupanga vichupa kwa rangi, vikapendeza kweli. Mwalimu akavichanganya vyote. Rangi, alisema, hufifia ndani ya spiriti, na dume na jike wa spishi moja wanaweza wasifanane kabisa. Jina hutafutwa kwenye viungo vya uzazi: palpi za dume, vile vijiguu vifupi pale mbele ya uso, na kibamba kidogo chini ya tumbo la jike. Nilipochungulia kwenye hadubini nikaona mwiba mwembamba uliojikunja kwenye ncha ya palpi. Hapo ndipo kinyongo changu kilipoisha. Familia hii ya buibui warukao, Salticidae, ina spishi zaidi ya 6,000, kubwa kuliko familia zote za buibui, na nyingi hutenganishwa kwa vitu vya namna hiyo.

Mwalimu akaongeza kisa ninachokipenda hadi leo: majina ya kisayansi ya wanyama huhesabiwa kuanzia kazi ya mwanasayansi Linnaeus ya mwaka 1758, lakini buibui waliruhusiwa kutangulia mwaka mmoja, kwa sababu ya Msweden Clerck, aliyewapa majina mwaka 1757.

Tukiwa tunafunga, Afande akaingia na kiberiti. Ndani mlikuwa na mmoja wa kijani chenye mng'ao wa dhahabu, mzuri kuliko wetu wote. Mwalimu akamtazama kwa muda mrefu.

"Huyu bado mtoto, Afande. Viungo havijakomaa. Siwezi kumpa jina la spishi."

"Sasa mtaandika nini?"

Aliandika: Salticidae, Entebbe, tarehe, na jina la aliyemkamata. Afande akakiomba kile kikaratasi, akavaa miwani, akasahihisha herufi moja ya jina lake.