Kubadili wimbo simu ikiwa mfukoni

Simu nyingi za sasa zimebakiwa na vitufe vitatu tu ubavuni: cha kuwasha, cha kuongeza sauti na cha kupunguza. Kusimamisha wimbo, kuruka na kurudi nyuma, vyote vimehamia kwenye kioo, na kioo kinataka macho yako pamoja na kidole kikavu. Ndani ya basi la mwendokasi la Kimara, Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni, mkono mmoja umeshika bomba na jasho linakutiririka, hivyo vyote viwili huna. Na kuitoa simu karibu na dirisha la daladala kwenye foleni ni kuwarahisishia vibaka kazi. Nokia 5310 XpressMusic ya mwaka 2007 ilikuwa na vitufe vya muziki ubavuni, kidole gumba kikivipapasa hata simu ikiwa ndani ya suruali. Vile havirudi. Dawa iliyopo ni kuhamishia amri sehemu nyingine, kioo kikabaki njia ya mwisho.

Hedifoni ya waya yenye kitufe bado ndiyo bora kuliko zote, hata kama imepitwa na fasheni. Kabla ya kununua, itazame pini yake. Ikiwa na mistari miwili inayotenganisha chuma, basi ina sehemu tatu: sauti ya kushoto, sauti ya kulia na ardhi, yaani njia ya kurudishia umeme. Hiyo haina maiki, wala kitufe chake, kama kimewekwa cha urembo, hakitafanya kitu. Yenye mistari mitatu ina sehemu nne, na ile ya nne ni njia ya maiki. Kitufe kinatumia njia hiyo hiyo: ukikibonyeza, waya wa maiki unagusana na ardhi, simu inaona upinzani wa umeme umeshuka hadi karibu na sifuri na kuelewa kwamba umetoa amri. Vitufe vya sauti navyo vinapita kwenye vizuizi vidogo. Kwa mpangilio wa Android, cha kuongeza ni ohm 240 na cha kupunguza ni ohm 470 (ohm ni kipimo cha upinzani). Apple wana utaratibu wao tofauti kabisa, ndiyo maana hedifoni ya iPhone ukiichomeka kwenye Android kitufe cha kati kinakubali lakini vya sauti vinakaa kimya. Siyo mbovu, haziongei lugha moja.

Kubonyeza kwenyewe kuna mwendo wake. Mara moja inasimamisha au kuendeleza. Mara mbili haraka haraka inaruka wimbo. Mara tatu inarudisha nyuma kwenye iPhone na kwenye programu nyingi za Android, ingawa baadhi ya programu za Android hazijui kitu kinachoitwa mara tatu. Kwa iPhone, bonyeza mara mbili na mara ya pili usiachie, wimbo unakimbia mbele. Kwa Android, kushikilia kitufe humwita msaidizi wa sauti. Wengi hulalamika kwamba kusimamisha kunachelewa kidogo. Huo si ubovu: simu inasubiri kuona kama unabonyeza tena. Kama wimbo unasimama na kuendelea badala ya kuruka, umebonyeza polepole mno.

Sasa tuje kwenye ugonjwa unaowasumbua watu wa Dar kuliko wengine, wa muziki kusimama wenyewe. Kile kiboksi kidogo kwenye waya kina tundu la maiki, na joto la hapa halihitaji kuelezewa. Jasho likitiririka shingoni linafuata waya na kuingia humo. Chumvi iliyomo kwenye jasho inapitisha umeme, kwa hiyo waya wa maiki na ardhi vinagusana kidogo bila wewe kubonyeza. Simu inaamini kuna kidole. Wimbo unasimama, unaendelea, unaruka, na unyevu ukikaa muda mrefu msaidizi wa sauti anafunguka na kuuliza akusaidie nini. Watu wanapeleka simu kwa fundi, simu ni nzima. Chomoa pini. Tatizo likikoma, mwenye kosa ni waya. Futa kiboksi kwa kitambaa kikavu, kiache kikauke kivulini kikiwa kimeelekezwa tundu chini, na ukiwa na spiriti pitisha kidogo kwa pamba. Usikianike kwenye jua kali la dirishani, plastiki inapinda na gundi inaachia. Halafu badili namna ya kuvaa: pitisha waya ndani ya shati ili kiboksi kining'inie mbele ya kifua, mbali na shingo.

Kama ni kikavu na bado kinacheza, shika waya pale unapoingia kwenye pini na uukunje taratibu kushoto na kulia wimbo ukiwa unapiga. Ukisimama kila unapoukunja, nyuzi za ndani zimekatika na zinagusana. Fundi anaweza kukata na kuunga pini mpya, lakini kwa hedifoni ya bei ya chini haina maana, nunua nyingine.

Tundu la simu nalo lichunguzwe. Vumbi la mfukoni hujipanga chini kabisa, pini haifiki mwisho, mawasiliano ya maiki yanakosekana. Sauti unaipata, kitufe hakifanyi kitu. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mbao, uchokoe bila kulazimisha. Sindano hapana, itakwangua vile vyuma vya ndani.

Ukienda Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, usikubali kujaribishiwa kwa simu ya muuzaji. Chomeka kwenye yako, weka wimbo, zima kioo, kisha bonyeza mara moja, mara mbili, mara tatu, na ushikilie. Muuzaji mzuri hatakasirika. Simu isiyo na tundu la duara inahitaji kiunganishi cha Type-C, na hapo kuna mtego. Vingine ni waya mtupu, vingine vina kijichipu cha kubadili sauti ya kidijitali. Simu nyingi hazitoi sauti kupitia vile vya waya mtupu, na hata vyenye chipu si vyote vinavyopitisha amri ya kitufe. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Jaribu palepale, kabla ya kutoa hela.

Upande wa Bluetooth, amri za kusimamisha na kuruka husafiri kwa njia yake, mbali na ile ya sauti, kwa hiyo unaweza kusikia muziki vizuri na bado vitufe vikagoma. Mara nyingi kuondoa kifaa kwenye orodha na kukiunganisha upya kunatosha. Kwa vile vidogo vya kuingiza masikioni, nachagua vya kitufe halisi kuliko vya kugusa. Vya kugusa vinasimamisha wimbo kila unapovisogeza sikioni, na kidole chenye jasho kinasomeka vibaya. Ubaya wa kitufe halisi ni kwamba ukikibonyeza kinasukuma kifaa ndani ya sikio. Kishike kwa vidole viwili, ubonyeze kama unavyobana kibanio cha nguo.

Kuna jambo linalowachanganya wengi: unabonyeza play, inaanza video uliyoiangalia mchana badala ya muziki. Android hupeleka amri ya kitufe kwa programu iliyotoa sauti mara ya mwisho. Fungua programu unayoitaka, anzisha wimbo kwa mkono mara moja, na kuanzia hapo kitufe kitaifuata hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo redio ya gari hukuanzishia muziki hujauomba: ikiungana tu, inatuma amri ya kucheza.

Madereva na bodaboda wanaweza kufunga rimoti ndogo ya Bluetooth ya muziki kwenye usukani au mpini. Usidanganywe na zile za kupigia selfi. Nyingi zinatuma amri ya kuongeza sauti, kwa kuwa ndiyo inayofyatua kamera, hivyo kila ukibonyeza muziki utazidi kupanda tu.

Ukilazimika kutumia kioo chenyewe, kuna njia zisizohitaji macho. OPPO, realme na OnePlus zina ishara za kuchora kioo kikiwa kimezimwa: mchoro wa > unaruka wimbo, < unarudisha, na vidole viwili vikishuka pamoja vinasimamisha. Menyu yake huhamahama kutoka toleo hadi toleo, kwa hiyo tafuta kwa kisanduku cha utafutaji ndani ya Mipangilio. iPhone 8 na zilizofuata, kuanzia iOS 14, zina Back Tap ndani ya Accessibility, sehemu ya Touch: unagonga mgongo wa simu mara mbili au tatu. Haina amri ya muziki moja kwa moja. Tengeneza kwanza njia ya mkato kwenye programu ya Shortcuts yenye kitendo cha Play/Pause, kisha uichague. Pixel za karibuni, simu za Google, zina Quick Tap yenye chaguo la muziki tayari. Zote mbili zinasikiliza mtikisiko, kwa hiyo kava nene linapunguza usikivu na barabara ya mashimo inaweza kugonga kwa niaba yako. Zinafaa simu ikiwa mkononi.

Usitembee na YouTube kioo kikiwaka mfukoni. Bila kulipia, video inakata kioo kikizimwa, na watu wanaona suluhisho ni kukiacha kinawaka. Kitambaa chembamba kilicholoa jasho dhidi ya paja kinatosha kabisa kusomeka kama kidole, ndiyo unakuta umempigia simu bosi. Tumia programu inayocheza kioo kikiwa kimezimwa, kama Boomplay au Audiomack, au mafaili yako mwenyewe ndani ya programu ya VLC. Na kwenye Mipangilio, zima ile ya kuwasha kioo kwa kugusa mara mbili.

Muziki ukikatika wenyewe baada ya dakika kadhaa na vitufe vikawa kama vimekufa, simu imeua programu ili kutunza betri. Shikilia alama ya programu, ingia kwenye maelezo yake, fungua Betri, ondoa vizuizi. Kama simu ina programu ya kusafisha memori iliyokuja nayo, iambie humo pia isiiguse. Wengi wanafanya la kwanza wanasahau la pili.

Vitufe vya sauti vikivunjika, Android 9 na kuendelea ina Menyu ya Ufikivu inayoweka vitufe vikubwa vya sauti kwenye kioo. iPhone ina AssistiveTouch kwa kazi hiyo hiyo. Amri za kusema kwa mdomo ni nzuri nyumbani. Kwenye daladala konda anaita abiria, msaidizi hasikii kitu.

La mwisho ni kwa wanaovaa sikio moja ili wasikie honi, na barabarani ndivyo inavyofaa. Kwenye mipangilio ya ufikivu, Android na iPhone zote, washa sauti ya mono, inayochanganya kushoto na kulia. Bila hiyo unapata upande mmoja tu wa wimbo, na kama gitaa limewekwa upande wa pili hulisikii kabisa. Kwa hedifoni ya waya, acha sikioni ule upande wenye kiboksi cha kitufe.