Manyatta ya Kisumu, Ndani ya Mpaka

Anayerudi Kisumu huonyeshwa kwanza daraja la juu la Kondele na uwanja wa Mamboleo ulioandaa sherehe za Madaraka mwaka 2021. Mimi, baada ya miaka mingi ughaibuni, nimeshughulishwa zaidi na Manyatta, mtaa nilikozaliwa, ambao umejaa nyumba hadi ukingoni ilhali vichochoro vyake vinapinda palepale vilipopinda nikiwa mtoto.

Chanzo chake ni cha zamani. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, mji ulipangwa kwa rangi: Wazungu wakapewa Milimani, Wahindi wakakaa karibu na maduka, na Waafrika wengi wakabaki vijijini, nje ya mpaka. Mpaka huo uliposogezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijiji vilijikuta ndani ya manispaa bila mtu yeyote kuhama, na ardhi ikasajiliwa kwa jina la mwenye boma, kwa hatimiliki isiyo na muda wa kuisha. Tangu hapo, kila barabara ambayo baraza lilitaka kuipitisha ilikutana na ardhi ya familia fulani. Jirani zetu wa Migosi walianza kinyume: huko viwanja vilipimwa kwanza, vikatengewa barabara na huduma, ndipo watu wakajenga.

Kwa hiyo wanaoiita Manyatta mtaa wa mabanda, kana kwamba watu wamevamia ardhi, wanakosea. Maskini wa Manyatta mara nyingi ni mpangaji, na mwenye nyumba wake anaishi ng'ambo ya ua uleule. Simba, yaani nyumba ndogo ambayo kijana alijengewa kwa desturi ya Wajaluo, iliongezewa chumba, kisha safu nzima ya vyumba vya mabati vya kupangisha, ikizunguka makaburi ya wazee ambayo hakuna anayethubutu kuyagusa. Maji nayo yamefuata umbo hilo: kampuni ya maji ya mji huyauza kwa jumla kwa wasimamizi wa mtaani, ambao huyasambaza kwa mabomba madogo hadi uani, mpango ninaouona wa busara kuliko kusubiri barabara pana.

Kwetu, binamu zangu wanataka ghorofa. Mchoro upo, lakini hatimiliki ingali na jina la babu aliyekwisha kufariki, na benki haitakopesha kabla mahakama haijaamua mirathi. Shangazi, mwenye haki sawa na ndugu zake wa kiume kwa sheria ya sasa, amekataa kutia sahihi mpaka aambiwe makaburi yatakaa wapi.