Siku ya saba ya makrofaji: siku moja maishani mwangu

Saa 11 alfajiri. Nimeamka kabla ya adhana kwa sababu leo ni siku ya saba. Wiki iliyopita mchangiaji mmoja alitupa mililita 50 za damu. Tukatenga monosaiti zake, seli nyeupe za damu zinazoweza kukua kuwa makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu, tukazigawa kwenye vishimo vya sahani ya plastiki: nusu tukazitia kichocheo cha ukuaji kiitwacho M-CSF, nusu kingine kiitwacho GM-CSF, nanogramu 50 kwa kila mililita. Damu ni ya mtu mmoja, chakula kimoja, joto lilelile la nyuzi 37. Kilichotofautiana ni kichocheo cha ukuaji tu. Leo naenda kutazama zimejivika vipokezi gani, yaani protini za juu ya seli zinazodaka vitu vya nje.

Saa 1 asubuhi. Basi la mwendokasi la Kimara, hapa Dar es Salaam, limejaa, nimesimama mpaka kituo cha Fire.

Saa 2. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Seli zako zimeamkaje?" Huyu ndiye mtaalamu wetu mkuu wa maabara, na hakuna asubuhi anayoacha kuuliza. Tunainama kwenye hadubini kwa zamu. Za GM-CSF zimetanuka duara, kiini katikati, kama yai la kukaanga. Za M-CSF zimerefuka, ncha mbili kama pia ya kusokotea uzi. Wiki moja tu nyuma zilikuwa hazitofautiani kwa jicho.

Saa 3. Kuzibandua. Makrofaji hung'ang'ania plastiki kama chaza mwambani. Tripsini, kimeng'enya cha kubandulia seli, hukata baadhi ya vipokezi palepale usoni, na vipokezi ndivyo nilivyokuja kuvihesabu. Kwa hiyo ni barafu, EDTA baridi (kemikali inayolegeza seli zilizoshikamana), na kupuliza kwa pipeti polepole hadi kidole gumba kinauma.

Saa 4 na nusu. Hatua ambayo watu huiruka, na mimi sikubali irukwe. Kabla ya kutia kingamwili zenye rangi, ambazo kila moja hunata kwenye kipokezi chake na kung'aa, nazishibisha seli kwa seramu ya binadamu, maji ya damu yenye kingamwili zisizo na rangi. Vipokezi vya CD16 na CD64 kazi yake ni kudaka mkia wa kingamwili. Nikitia kingamwili inayotafuta kipokezi cha CD163 bila kuzishibisha, CD64 itaidaka kwa mkia, mashine itaona mwanga, nami nitaandika CD163 isiyokuwepo. Tena vichocheo vyenyewe huongeza au kupunguza vidakaji hivyo. M-CSF na kichocheo kingine, TGF-beta, kwa mfano, hupandisha CD16 kwenye monosaiti. Kwa hiyo kosa halitalingana kishimo kwa kishimo, litajificha ndani ya tofauti ninayoitafuta. Kisha kingamwili: dakika 30 gizani, juu ya barafu, ili seli zisivute vipokezi ndani.

Saa 6. Umeme umekatika. Jenereta limewaka, lakini mashine ya kupimia ilikwishazimika leza zikiwa bado zinapata joto. Nimeumia sana, maana damu ya mtu haiombwi tena kwa urahisi. Nimezihifadhi seli kwa formaldehidi ya asilimia 1 zibaki kama zilivyo, nikazifunika kwa foili, nikaziweka kwenye friji.

Saa 7 mchana. Wali maharage. Mwanafunzi mgeni ananiuliza: "Dada, kwani kipokezi si kitu ambacho seli inazaliwa nacho?" Namsimulia shangazi yangu. Alipokuwa kwenye tibakemikali alichomwa filgrastimu, ambayo ni G-CSF, kichocheo kingine cha ukuaji, ili seli nyeupe zipande. Zilipanda, tukashukuru. Lakini dawa hiyo pia huzifanya neutrofili, aina ya seli nyeupe zinazopambana na bakteria, zijivike CD64 kwa wingi, wakati kwa kawaida huwa nayo kidogo sana. Daktari akipima CD64 ya mgonjwa kama huyo akitafuta dalili ya maambukizi, anaweza kudhani ameyaona, kumbe ameona sindano.

Saa 9 na robo. Mashine imetulia. Grafu ya CD163 inajichora nukta kwa nukta. Mlima wa M-CSF umehamia kulia kabisa, yaani CD163 ni nyingi. Wa GM-CSF umebaki kushoto, karibu na seli ambazo sikuzitia rangi. CD14, kipokezi kingine, inafuata njia hiyohiyo. Nimemwita mama, akavaa miwani, akatazama kimya, kisha akasema, "Hawa ni ndugu wa tumbo moja kweli?"

Kinachofuata ni kipokezi cha CCR5, mlango ambao tangu 1996 tunajua kwamba VVU huutumia pamoja na kipokezi cha CD4 kuingia ndani ya seli. M-CSF huviongeza vyote viwili kwenye makrofaji. Ndiyo maana naudhika nikisoma ripoti inayosema "makrofaji za binadamu" bila kutaja zililelewa na kichocheo gani. Kuziita makrofaji tu hakunionyeshi milango yake.

Saa 12 jioni. Mchangiaji mwingine amekuja, sahani mpya iko tayari. M-CSF safu ya juu, GM-CSF safu ya chini, na safari hii safu moja ya seli haina kichocheo chochote. Naandika kwenye daftari namba ya kila kichupa, kisha juu ya kifuniko kwa kalamu ya wino mzito: siku 0.