Onyo la linka limenyamaza, kasoro imebaki

Nilipohamisha programu yangu ndogo ya orodha ya wanachama kutoka Linux kwenda OpenBSD, mfumo endeshi mwingine, kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine) haikulalamika hata kidogo, lakini hatua ya mwisho, linka ilipokuwa inaunganisha faili zangu na maktaba ya C, yaani mkusanyo wa fankisheni zilizo tayari za lugha hiyo, ulijitokeza mstari uliosema kwamba strcpy(), fankisheni ya kunakili maandishi, karibu kila mara hutumiwa vibaya na kwamba afadhali nitumie strlcpy(), inayopewa ukubwa wa nafasi ya kunakilia. Onyo la namna hii halitokani na mtu au chombo kuusoma msimbo wangu. Watunzaji wa maktaba wamelibandika kwenye fankisheni yenyewe, na linka humtolea kila anayeiita, awe ameiita kwa uangalifu au ovyo; ndiyo maana kuzima maonyo ya kompaila hakulinyamazishi. Kwenye Linux sikuwahi kuliona kwa sababu glibc, maktaba ya C inayotumika huko, huliwekea gets(), tmpnam() na wenzao wachache, lakini si strcpy().

Kuhusu gets() hakuna la kujadili. Fankisheni hiyo, inayosoma mstari wa maandishi, haiulizi bafa (nafasi ya kumbukumbu ya kuyahifadhi) ina ukubwa gani, kwa hiyo hakuna namna ya kuiita salama unaposoma maandishi ya mtu mwingine. Mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe mtandaoni Novemba 1988, ulipita humo humo: uliipelekea huduma ya finger, iliyotoa habari za watumiaji wa kompyuta, baiti 536 wakati bafa iliyokuwa ikizisubiri ilikuwa ya baiti 512. Hata hivyo, gets() iliondolewa katika kiwango cha C mwaka 2011 tu.

Ya strcpy() ni tofauti, kwani ukijua urefu wa unachonakili na kwamba kinaenea kwenye bafa, haina ubaya. Mimi sikuujua, na badala ya kujiuliza nikabadilisha jina la fankisheni. Nilitaka programu iendelee kujengeka pia kwenye mashine yangu ya zamani ya Linux, na glibc haikuwa na strlcpy() hadi toleo la 2.38 la mwaka 2023, basi nikatumia strncpy(), inayonakili isizidi idadi ya baiti unayoitajia, hapa ukubwa wa nafasi ya jina:

strncpy(m.jina, ingizo, sizeof m.jina);

Onyo likatoweka, nami nikaridhika. Katika rekodi hiyo jina lilitengewa baiti 16, na mara baada yake ikafuata nafasi ya namba ya simu. Siku kadhaa baadaye nikaingiza jina la kubuni la majaribio, Mwanakombo Shehe, ambalo pamoja na nafasi ya katikati lina herufi 16 kamili. Kwenye orodha jina likachapishwa likiwa limegandana na namba ya simu, kwa sababu strncpy() ikijaza bafa yote haiweki ile baiti ya sifuri inayoonyesha mwisho wa maandishi, na printf(), inayochapisha, ikaendelea kusoma hadi ikaikuta ile ya mwisho wa namba ya simu. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimebadilisha kasoro iliyoonywa kwa kasoro isiyoonywa, na naona hiyo ya pili ni mbaya zaidi.

Nimeishia kutumia snprintf(), inayoandika maandishi kwenye bafa bila kuzidi ukubwa unaoitajia, inayopatikana kote, inayoweka sifuri mwishoni, na inayorudisha urefu ambao maandishi yangehitaji. Jibu hilo ndilo wengi hulipuuza, nami nilikuwa mmoja wao. Likiwa sawa na ukubwa wa bafa au kuuzidi, jina limekatwa, na jina la mwanachama lililokatwa kimyakimya laweza kumfanya aonekane mtu mwingine. Kwa hiyo sasa programu huikataa rekodi hiyo na kumwambia anayeiingiza sababu. Bafa yenyewe nimeipanua hadi baiti 64, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo, maana majina matatu ya kwetu mara nyingi hayaenei katika 16.

Limebaki onyo moja, la sprintf(), ndugu ya snprintf() isiyouliza ukubwa wa bafa, inayoandika namba moja ya aina ya int (namba kamili) katika bafa ya baiti 32. Namba hiyo, pamoja na alama ya hasi na sifuri ya mwisho, haizidi baiti 12. Nimeliacha lijitokeze kila ninapojenga programu, na hesabu hiyo nimeiandika juu ya mstari wenyewe.