Jinzi mpya: chumvi na siki ziliniponza

Jinzi yangu ya bluu iliyokoza ina mwaka wa pili sasa, na bado watu wananiuliza nimeinunua lini. Najivunia, kwa sababu iliyoitangulia niliiharibu kwa kusikiliza kila mtu.

Niliambiwa niiloweke kwenye maji ya moto yenye chumvi na siki ili rangi ishike. Nikajaza beseni, nikatia chumvi viganja vitatu na siki karibu nusu chupa, nikaikunja suruali na kuizamisha usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa kama wino. Ilipokauka, kila palipokuwa na kunjo pana mchirizi mweupe, miguu imepanda juu ya vifundo, na kiuno hakifungi mpaka nibane pumzi. Pamoja na yote hayo, siku ya kwanza kuivaa nilikalia kiti cheupe nikakiachia doa la bluu!

Iliniuma, nikaanza kuichunguza. Fumua uzi mmoja wa bluu kwenye pindo uukate: katikati ni mweupe. Nili, yaani ile rangi ya bluu ya jinzi, haizami ndani ya pamba, hukaa juu juu, kwa hiyo kila msuguano unaibandua. Chumvi husaidia rangi za aina nyingine kuingia kwenye pamba wakati wa kutiwa rangi kiwandani. Lakini nili iliyokwisha kukaa kwenye nguo, chumvi haiwezi kuishikisha. Na maji ya moto ndiyo yaliyoirudisha ile suruali ikawa fupi.

Hii ya sasa niliifua peke yake, maji baridi, nimeigeuza ndani nje na kufunga zipu na vifungo. Sabuni ya maji kidogo tu, isiyo na dawa ya kung'arisha. Sikuifikicha. Niliiminya taratibu, nikaisuuza mpaka maji yakatakata, kisha nikaiviringisha ndani ya taulo kuukuu badala ya kuikamua, maana kukamua nako huacha mikunjo inayoleta michirizi kama ile.

Ninachokipenda zaidi ni jaribio la kitambaa cheupe. Kilowanishe kidogo, sugua nacho paja la suruali mara kumi hivi. Kikitoka na bluu, usikalie kochi la rangi nyepesi wala usivae na viatu vyeupe. Yangu ilitulia baada ya kuifua mara ya tatu.

Naianika kivulini, nimeibana kwenye mapindo, kiuno kikining'inia chini. Uzito wa maji unainyoosha na pasi siigusi. Doa dogo nalifuta palepale kwa kitambaa chenye maji. Wako wanaosema uiweke kwenye friza badala ya kuifua. Hapana jamani, baridi haiondoi jasho wala mafuta ya mwili. Ikinuka, ifue.

Magotini imeanza kupauka, lakini kwa kufuata mikunjo ya miguu yangu mwenyewe, polepole, na inapendeza kuliko siku niliyoinunua.