Nilivyoweza kufunga gati kwa mkono kwenye Elite

Wapenzi wa gemu za zamani mnaijua Elite, gemu ya kurusha meli ya anga na kufanya biashara kati ya sayari, ile ya 1984 ya kompyuta ya BBC Micro, waliiandika vijana wawili wa chuo kule Cambridge, David Braben na Ian Bell, kampuni ya Acornsoft ikaitoa. Mashine yenyewe memori kilobaiti 32 tu, na bado wakaingiza humo galaksi 8, kila moja sayari 256, we fikiria. Mi naicheza kwa emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, kwenye laptop na maharamia wala hawajanitesa sana. Kilichonitesa ni kurudi stesheni, kile kituo cha anga karibu na sayari, na kufunga gati, yaani kuingiza meli ndani.

Iko hivi, unaanza sayari ya Lave na krediti 100, ndo hela ya humo, unabeba chakula maana Lave ni ya kilimo, unaruka mpaka Zaonce, sayari yenye viwanda, unauza, mambo safi. Ila stesheni inajizungusha muda wote na mlango wenyewe ni kaupenyo kembamba, ukiingia umekaa upande meli inapasuka, na kusevu ni mpaka uwe ndani, kwa hiyo mzigo na hela vyote kwisha. Kipo kifaa cha kukuingiza chenyewe, bei yake krediti 1500, sasa mtu wa mia atazipata wapi bila kwanza kufunga gati kwa mkono? Hapo ndo wengi wanaiacha hii gemu.

Mi nikaamua biashara isubiri kwanza. Nikawa natoka Lave mtupu, sina mzigo wowote, naenda mbele moja kwa moja bila kuyumba. Ukitoka, mlango unakuwa nyuma yako na sayari mbele, kwa hiyo ukienda mbali kidogo halafu ukapunguza spidi ukageuza meli kwa kuinua pua tu, yaani kitufe cha X peke yake, usiviringishe, stesheni inakuja mbele na uko sawa na mlango tayari. Hiyo ndo siri kubwa aisee.

Kilichobaki ni mzunguko. Kuhangaika nao ukiwa mbali ni kazi bure. Nakaribia taratibu, mlango naulazimisha ukae katikati ya kioo, ukitoroka nausahihisha mapema, halafu nikishafika karibu kabisa ndo naanza kugusagusa vitufe vya kuviringisha meli, < au > mpaka mlango unaonekana umetulia, umelala mlalo. Hapo unaingia tu. Na kidole kikae mbali na A, kitufe cha kufyatua, jamani, leza ikiipiga stesheni polisi wanamwagika nje na kwa meli ya kuanzia hutoboi.

Ukitokea sayari nyingine ni hivohivo ila kuna kujipanga kidogo, mlango siku zote unatazama sayari. Unaisogelea sayari mpaka ile S itokee kwenye dashibodi, dira inaacha kuonyesha sayari inaonyesha stesheni, basi nazunguka nikae kati ya sayari na stesheni, nageukia mlango, naendelea kama kawaida. Hii inachosha mwanzoni, ila bora kuchoka kuliko kupasuka na tani 20 za kompyuta.

Siku hizi 1500 ninazo na kile kifaa bado sijakinunua. Nilianza na stoo kubwa ya mizigo, ni krediti 400 tu na unabeba tani 35, hiyo ndo inarudisha hela haraka.